Vitambaa vya Manjano Porini

Jumatatu, 28 Agosti

Jua! Hatimaye. Wiki nzima mawingu yametukalia kichwani kama blanketi lililolowa, leo asubuhi yakaondoka, na ilipofika saa tano uwanda wote nyuma ya kijiji chetu cha Vaalklip ulikuwa umefunguka. Maua meupe, ya machungwa, ya buluu, mpaka kwenye mchanga wa ufuoni. Ukilipa jua mgongo, yote yanakutazama wewe. Nilisimama pale nikajiona mgeni rasmi.

Furaha ikaishia hapo. Alasiri kikao kwenye ukumbi wa kanisa: nani ataongoza matembezi ya maua Jumamosi? Nikalitaja jina langu mwenyewe, maana sikuona mtu mwenye haraka ya kulitaja. Ikapigwa kura ya kunyoosha mikono. Mwalimu Alwina Pharo: mikono ikapanda mpaka nikadhani watu wanaomba mvua. Mimi: miwili. Mmoja wangu. Wa pili wa Gawie Julies, jirani, ambaye baadaye alieleza kwamba alikuwa anaomba sukari.

Marlien, mke wangu wa ndoa, hakunyoosha. Anasema alikuwa ameshika birika. Kwa mikono yote miwili? Yote miwili. Birika la kanisa ni zito, anasema.

Alwina amestaafu ualimu lakini bado anaongea na watu wazima kana kwamba kengele imelia. Kila majira ya machipuko, ni yeye. Mimi niliketi kwenye redio ya bandari nusu ya maisha yangu, nikiwasomea mabaharia upepo na mawimbi. Sauti hii imeokoa mashua! Na kila mwaka natembea nyuma ya mwanamke yule nimebeba kikapu cha mikate.

Mwaka huu hapana. Anakuja Dokta Bulelwa Sigcau wa makumbusho, kutoka Cape Town. Anaandika kitabu cha ndege, vipepeo na maua ya pwani yetu. Jina la atakayemwongoza litaingia kitabuni. Pengine na picha. Ninayo picha nzuri, ya kabla nywele hazijaniaga.

Na nina siri. Kwenye matete ya bwawa kuna jozi ya vipanga weusi, wametaga. Nimewaona kwa macho yangu. Dume anakuja na panya kwenye kucha, jike anaruka kumlaki, anageuka chali hewani, panya anaachiwa, anadakwa! Sijamwambia mtu yeyote. Nitamwonyesha Dokta. Mimi. Peke yangu.

Jumatano, 30 Agosti

Nimempigia Dokta simu. Nilitumia sauti ya redio. Alikuwa mpole, ole wangu. Akasema amefurahi sana, ila Jumamosi atakuwa na kundi la Mwalimu Alwina; muda ukibaki, ataangalia.

Muda hautabaki! Namjua Alwina. Matembezi yake huishia kwenye chai, na chai yake huendelea mpaka maua yafumbe.

Kwa hiyo matembezi yake lazima yaharibike. Si sana. Kidogo tu.

Nimepeleleza. Njia ya zamani iko chini ya maji, mvua za kipupwe zimelijaza bwawa. Njia mpya hakuna aliyeizoea, hata Alwina mwenyewe. Mpwa wake Riaan ameitia alama: vitambaa vya manjano, vimefungwa kwenye vichaka kuanzia lango la shamba mpaka kwenye maua. Watu watafuata vitambaa.

Vitambaa! Si nguzo za zege. Vinafunguka.

Ijumaa, 1 Septemba

Imekwisha. Nimechoka kama punda, lakini imekwisha.

Nilianzia pale kwenye jiwe linalofanana na mkate. Kuanzia hapo nikafungua kimoja kimoja, nikavifunga upya kuelekea rasini. Kule hakuna kitu. Vichaka vya kijivu, mchanga, na mavi ya minandi, wale ndege wa baharini. Watatembea, watachoka, watarudi na njaa bila kuona hata ua moja la maana. Na mimi nitakuwa langoni na chupa ya chai na darubini. Nitasema kwa unyenyekevu: Dokta, ukipenda, ninajua mahali.

Nilimkanyaga kobe. Au yeye alinikanyaga, kwa sababu aliyeanguka ni mimi. Suruali imechanika mahali pasipotajika.

Karibu na mwisho vichaka viliniishia, mkononi kumebaki kitambaa kimoja kizima; vilivyochanika nilivitia mfukoni. Nikakifunga kwenye kichaka cha mwisho kabisa, kwenye ukingo wa Ufa, pale bahari ilipoukata mwamba. Watoto wote wa Vaalklip hukatazwa kwenda pale. Lakini nani atafika huko? Watakuwa wamegeuka zamani.

Wakati wa kurudi nikakutana na Gawie na pikapu yake. Akaona vipande vya manjano vikining'inia mfukoni. "Oom Ewald! Krismasi hata haijapiga hodi, na wewe unafunga zawadi?"

Nikamwambia ni vya kufungia nyanya.

"Nyanya za wapi? Oom huna hata kitunguu."

Kijana ananiita Oom, yaani mjomba, lakini hana adabu. Akaniambia pia kwamba wavuvi wamesikia kwenye redio kesho kutakuwa na ukungu. Nikamwambia nimekuwa nikisoma hali ya hewa yeye akiwa bado ananyonya. Anga ni safi kama sahani. Kesho hakuna ukungu. Nimesema.

Jumamosi, 2 Septemba

Nianze mwanzo.

Asubuhi Marlien alitokea jikoni amevaa viatu vya kutembelea. Nikamuuliza anakwenda wapi. Na kina Alwina, akasema. Tangu lini! Tangu Jumatatu, akasema, ulipoanza kuwa mtu asiyesemezeka. Nikamkumbusha goti lake. Goti halijambo. Nikamwambia nina homa. Akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, akaniambia nimeze aspirini, akatoka na koeksister zote alizokuwa amezikaanga na kuzichovya kwenye shira.

Ningesemaje? Nikajifariji. Atatembea, atachoka, atarudi.

Wakanipita langoni. Akina mama wengi, Alwina mbele na fimbo yake, Dokta na kamera shingoni. Alwina akaniuliza kama nangoja basi. Wakacheka wote. Marlien pia! Nikacheka nao. Nikawaza: cheka, Mwalimu, cheka.

Nikabaki na chai yangu. Maua machache ya pale langoni yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguka. Nikawa nayatazama, nikaona kitu ambacho sikukielewa. Yanafumba. Saa tano za mchana, na maua yanafumba!

Nikageuka kutazama baharini. Hakukuwa na bahari. Kulikuwa na ukuta mweupe unaokuja juu ya mchanga, bila sauti. Ukameza mashua. Ukameza nyumba ya Gawie. Honi ya bandarini ikaanza kulia.

Nikangoja. Watageuka, nikajiambia. Mtu mwenye akili zake akiona ukungu anageuka. Lakini ageuke kufuata nini? Anaona nini zaidi ya kitambaa kilicho mbele yake, na kingine baada ya hicho? Ndipo nikakikumbuka kile cha mwisho. Nilikiona kabisa, kinapepea kwenye ukingo, na nyuma yake hakuna kitu. Hewa tu. Na chini mawe, na maji yanachemka.

Nikaiacha chai. Nikakimbia. Sijakimbia hivyo tangu ujana wangu, na hata ujanani sikukimbia vizuri.

Ndani ya ukungu ule ukinyoosha mkono huoni vidole. Nilipapasa kutoka kichaka hadi kichaka. Nikaita. Sauti iliyookoa mashua ikatoka kama ya mbuzi. Nikaita tena. Hakuna. Kila kitambaa nilichokigusa nilikilaani, kisha nikakumbuka nani amekifunga.

Halafu nikasikia zaburi. Nikadhani nimeshakufa. Kumbe ni wao. Ukungu ulipoanza tu, Alwina aliwakalisha wote chini, wakashikana mikono, akawaamuru waimbe ili asipotee mtu. Nikatokea katikati yao nahema.

"Nani huyo?"

"Mimi, Ewald."

"Ewald, kaa chini."

Nikakaa! Nusu ya pumzi, kisha nikaruka juu. Nikauliza Marlien yuko wapi.

Zaburi ikakatika. Alwina aliponijibu, haikuwa sauti ya darasani. "Alikuwa nyuma yangu. Alisema anakwenda kuangalia tu kama kitambaa kingine kiko karibu. Nilimwambia asiende. Nimemwita, Ewald. Nimemwita mpaka sauti imenikauka."

Fimbo ikamponyoka, nikaisikia ikianguka kwenye mawe. Sijawahi kumsikia Alwina akiiangusha.

Nikaenda. Mwanzo kwa miguu, kisha kwa mikono na magoti. Bahari sikuisikia mbele yangu tena. Niliisikia chini yangu. Nikaita jina lake. Nikaliita jina la utani ninalomwita tukiwa wawili tu, na kundi lote likasikia. Nikamwahidi Mungu mambo ambayo siyaandiki hapa, yasije yakatumika dhidi yangu. Nilijiona narudi nyumbani peke yangu. Viatu vyake vya kanisani viko mlangoni. Sikuweza kuendelea kuwaza.

"Ewald. Nyamaza."

Karibu kabisa. Karibu nimgonge kwa kichwa.

"Uko wapi? Umeumia?"

"Usije kwa miguu, tambaa. Na punguza sauti, utawaamsha."

Alikuwa ameketi chini, amekikumbatia kichaka cha mwisho. Kokoto zilizoteleza chini ya viatu vyake hatukuzisikia zikifika popote. Nikamshika kiuno, nikamvuta nyuma, nikaendelea kumshika. Hakuniambia nimwachie. Tulikaa hivyo. Moyo wake ulikuwa unapiga kama wangu.

Nikamuuliza nitawaamsha kina nani. Akanionyesha kwa kidole.

Vipepeo. Wadogo, hata ukucha wa kidole gumba ni mkubwa kuliko wao. Kila kijiti cha kile kichaka cha kijivu kilikuwa nao, na vichaka vya pembeni, na vya chini yake. Wamefunga mabawa, umande umewalala kama unga. Wamelala fofofo. Na ukungu ulipopungua kidogo nikaona: pale Ufa unapoanza, mahali upepo hauingii, mteremko mzima una maua ya zambarau ambayo sijawahi kuyaona maishani mwangu, jana sikutazama chini, yote yamefumba.

Ukungu ukachanika. Ua moja likafunguka. Kipepeo mmoja akatandaza mabawa, rangi ya shaba iliyosuguliwa. Kisha wa pili. Kisha sikuweza tena kujua yupi ni yupi, mteremko wote ukawa unawaka. Ndege aina ya chozi wakashuka kunyonya maua. Marlien akaniegemea begani. Uso wangu ulikuwa umelowa. Ulikuwa umande.

Akina Alwina wakatufikia. Dokta akapiga magoti kwenye tope na nguo zake nzuri. Akasema amemtafuta kipepeo huyu kwenye pwani yote, na alikuwa ameanza kuamini kwamba amekwisha duniani. Akalia. Akamkumbatia, nani? Alwina! "Asante, Mwalimu! Umenileta mwenyewe!"

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nimechanika magoti.

Marlien peke yake hakuwa anatazama vipepeo. Alikuwa anatazama kitambaa. Kisha akatazama fundo lake, kwa muda mrefu.

"Ewald," akasema polepole, mtu mwingine asisikie. "Riaan hufunga kama anafunga kiatu. Hili ni fundo la bandarini."

Akalifungua, akatia kitambaa mfukoni. Tukarudi nyumbani. Chakula cha jioni: samaki mkavu mmoja, mdogo. Bila mkate.

Jumapili, 3 Septemba

Kanisani. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa kuwalinda watu ukunguni, kisha akamshukuru Alwina, na nadhani Alwina ndiye aliyeshukuriwa zaidi. Alwina akasimama, akasema sifa si zake, ni za aliyetia alama njia. Moyo ukaniruka!

Riaan akasimama. Riaan! Akapokea makofi. Akasema wakati anafunga vile vitambaa alipata hisia fulani inamvuta kuelekea rasini. Hisia! Yule kijana hajafika rasini tangu abatizwe. Lakini watu walimpigia makofi, na nadhani sasa anaamini mwenyewe.

Mteremko utaitwa Mteremko wa Pharo. Utaingia kitabuni.

Nikainuka. Nilikuwa nimefika nusu, Marlien akanidaka mkia wa koti. Nikaketi kwa kishindo. Mchungaji akaniuliza kama nina ushuhuda. Nikakohoa.

Nyumbani ndipo alipofungua mdomo. "Simama useme ulivifunga wewe. Simama. Halafu uwaambie kwa nini. Halafu uwaambie mguu wangu ulikuwa wapi."

Nikasema sawa, lakini kama si mimi, vile vipepeo...

"Kama si wewe, ningekula koeksister zangu nimekaa kwenye maua, kama binadamu wengine."

Kisha akaketi. Akasema alipokuwa pale kwenye kichaka, kabla hajawaona vipepeo, alisikia kokoto zikienda, akaniita. Aliniita mimi. Nami nilikuwa langoni na chai.

Nikamwomba radhi. Kwa dhati kabisa, nilimshika mikono yote miwili. Nikamwambia nimejifunza, tena nimejifunza milele, mambo ya hila basi. Akanitazama. Akasema tutaona. Akaniwekea mkate.

Jumatatu, 4 Septemba

Mtu mpya. Hakuna hila. Nimemwendea Dokta mchana kweupe, kama muungwana, nikamwambia ninajua kiota cha vipanga weusi, na ningependa kumwonyesha bila masharti. Nilijisikia msafi.

Dokta akatabasamu. Akasema anakijua. Alwina alimwandikia tangu mwezi wa sita, na yeye akaomba watu wasikikaribie mpaka makinda waruke.

Nikauliza watu gani.

Gawie alikuwa anapakia sanduku la Dokta la vifaa vya porini kwenye pikapu. "Oom, kijiji kizima kinajua. Uliyefichwa ni wewe tu."

Kwa nini mimi?

"Kwa sababu wewe ukijua, Oom, Cape Town yote imejua. Sauti yako imeokoa mashua, si ndiyo?"

Wakacheka wote wawili. Dokta alijaribu kuficha kicheko kwa kamera. Nimewasamehe. Mtu mpya husamehe. Majina yao nimeyaweka moyoni, lakini kwa kuwasamehe.

Ijumaa, 8 Septemba

Jana Dokta aliongea ukumbini kabla ya kuondoka. Nilikaa nyuma, mtulivu, nikisikiliza. Mambo ya ajabu! Yule kipepeo hutaga kwenye kile kichaka cha kijivu tu, hataki kingine. Viwavi wake hulelewa na sisimizi, aina moja maalumu, weusi wenye tumbo la kung'aa. Sisimizi huwachunga kama ng'ombe, huwaingiza kwenye kiota chao na kuwalinda. Bila kichaka kile na sisimizi wale, hakuna kipepeo. Akaomba kwa hisani mtu asiguse chochote pale mteremkoni. Akamteua mlinzi. Alwina. Amepewa na beji.

Nilipiga makofi. Marlien aliniangalia nikipiga makofi, akaonekana kuridhika.

Usingizi ulikuja na wazo. Si hila! Ni elimu ya viumbe. Mteremko ni wa Pharo, sawa, hakuna anayebisha. Lakini kipepeo hajui kusoma beji. Anachojua ni kichaka na sisimizi. Vikiwa uani kwa Fortuin, yaani kwangu, atakuja uani kwa Fortuin. Ni hiari yake.

Nimetoka leo asubuhi na sepetu. Gawie akauliza. Viazi, nikamwambia. Sikugusa mteremko, mimi ni mtu wa neno langu. Nimechimba pembeni yake kidogo. Vichaka kadhaa, na mizizi yake. Sasa viko uani, vimeinama kidogo, vitazoea. Dokta nimeshamtumia ujumbe: akirudi Oktoba, apitie kwanza Bustani ya Vipepeo ya Fortuin. Mama Pharo na beji yake wanaweza kuja pia. Nitawakaribisha kwa chai.

Sisimizi walinitoa jasho. Wanauma! Lakini nimepata kiota kizima, na malkia nadhani. Uani kuna upepo wa baridi leo, kwa hiyo nimewahifadhi kwa muda ndani ya lile bati kubwa la Marlien la keki, kwenye kabati la chakula, nyuma ya unga. Mfuniko nimeutoboa matundu wapate hewa. Matundu makubwa, mimi si katili. Na sukari kidogo pembeni, wasijione wageni.

Safari hii hakuna kitambaa, hakuna ukungu, hakuna mtu anayeweza kupotea. Nimeupitia mpango wote mara mbili. Hauna kasoro.

Marlien anaita kutoka jikoni. Anaita Ewald Cornelius Fortuin, majina yote matatu, kwa sauti ya juu sana. Bila shaka Dokta amepiga simu kukubali.